Kazi ya Kusimama Chini

Kuna kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayeiona, na ukiikosea mara moja tu mtaa mzima unakuja kutazama. Kushika ngazi ni kazi ya namna hiyo. Mtu tunayemsimulia hapa aliifanya tangu ndevu zake zikiwa nyeusi hadi zilipoota mvi, na katika muda wote huo hakuna binadamu aliyewahi kumwambia ahsante. Watu walimwita Nanga. Alikuwa na miguu mipana, mabega ya mchukuzi wa magunia, na uso wa mtu anayedaiwa deni asilokopa.

Juu ya ngazi alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, aliyeitwa Mjusi kwa sababu hakukuwa na ukuta uliomshinda. Mjusi alikuwa mwembamba, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Akiwa kule ghorofani, kitambaa kiunoni na kipangusio cha mpira mkononi, akipiga mluzi, wapita njia walisimama kumshangaa. Wenye nyumba walimpa soda kupitia dirishani. Wasichana wa maofisini walimpungia mkono. Nanga naye chini alipewa maji machafu: yalidondoka tone tone, yakamwingia machoni, na hakuweza kujifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Na hakosekani mpumbavu mmoja apite aseme, "Mzee, na wewe unalipwa kwa kusimama hapo?" Nanga, ambaye hakuzaliwa na mzaha, alimtajia mpumbavu huyo mambo ya ukoo wake ambayo hatutayaandika.

Asiyekujua hakuthamini, ndivyo ilivyo. Wangejua nini wale? Nanga ndiye aliyeishusha ngazi kutoka juu ya gari, akaikagua ardhi kwa kisigino, akatia kabari palipo na mteremko, akaisimamisha, akaivuta kwa kamba mpaka ifike dirishani, akaiegemeza ikae sawa, si karibu mno na ukuta wala si mbali. Kisha ndipo aseme, "Panda." Mjusi alikuwa akipanda tu. Tangu waanze kazi hiyo, hata siku moja Mjusi hakuwahi kuisimamisha ngazi kwa mikono yake. Alikuta imesimama, kama mtoto anavyokuta chakula mezani.

Ndugu hao hawakuwa na maneno matamu. Waligombana asubuhi juu ya ndoo na jioni juu ya sabuni. Lakini walikuwa na gari moja chakavu, na akaunti moja benki yenye sahihi mbili, kwa sababu marehemu mama yao aliwajua wanawe na hakumwamini hata mmoja peke yake. Nanga, tangu afiwe na mkewe, aliishi chumba cha uani kwa mdogo wake na kula mezani kwa mdogo wake, na hilo nalo lilimchoma rohoni kila kijiko.

Basi mteja wao mkubwa alikuwa chuo kimoja chenye vioo kila upande, ghorofa nne. Chuo hicho kikipiga chafya, wao wanapata mafua. Mwaka huo akaja meneja mpya wa majengo, mama mmoja wa maneno machache, akawaita ofisini na kuwaambia kwamba ngazi haitaingia tena getini kwake. Bima haitaki, na yeye mwenyewe hataki kuokota mtu uani. Anataka mtu anayesimama ardhini na kuosha kwa fimbo ndefu yenye brashi mwishoni, maji yakipanda humo humo ndani ya fimbo. Tena maji waje nayo wenyewe ndani ya gari, kwa kuwa chuo hakitoi hata tone. Wakiweza, kazi ni yao. Wasipoweza, wapo wengine.

Njia nzima ya kurudi Nanga alikuwa akinung'unika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, alisema, itaua uchafu? Mjusi alikuwa akitabasamu peke yake, na Nanga akaliona lile tabasamu na halikumpendeza hata kidogo.

Jumapili baada ya chakula cha mchana wakakaa kupanga bajeti. Mwenye hesabu alikuwa mke wa Mjusi, ambaye watu walimwita Keshia kwa sababu alikaa kwenye mashine ya pesa katika duka la vifaa vya ujenzi, na hajawahi kukosea chenji ya mtu wala kumsamehe mtu chenji. Karatasi ya kwanza ilichanika dakika hiyo hiyo, maana Nanga aliivuta aisome na Mjusi hakuiachia. Keshia aliinuka, akachukua chaki, akaanza kuandika kwenye mlango wa stoo, uliopakwa rangi ya kijani iliyokolea. Mlango huo, alisema, mtu yeyote auchane akiweza.

Akaandika kutoka juu kwenda chini. Springi mpya za gari, kwa kuwa maji ni mzigo na gari lenyewe lilikuwa linainama hata likibeba ngazi. Tangi. Fremu ya chuma ya kulifunga tangi kwenye sakafu ya gari kwa nati, maana gari likifunga breki maji yenyewe hupenda kuendelea na safari. Pampu na betri yake. Chujio la kusafisha maji. Mpira mrefu na ringi la kuuzungushia. Fimbo na brashi. Chini yake akaandika matumizi ya kila mwezi: petroli, dawa ya chujio, na mshahara. Pale kwenye mshahara chaki ikaenda haraka kidogo.

Nanga hakuwa msomaji sana, lakini kipofu hakuwa.

"Mbona mshahara ni wa mtu mmoja?" akauliza.

Keshia akapangusa vumbi la chaki kwenye vidole. Mjusi akatazama dirisha, ambalo kwa mwosha madirisha lilikuwa chafu ajabu. Ilibidi Keshia aseme, kwa sababu mumewe alikuwa shujaa wa ukutani tu.

"Shemeji, fimbo haishikwi na watu wawili," alisema. "Hakuna ngazi. Sasa utashika nini?"

Mjusi naye akapata sauti. Akasema kaka yake amechoka, magoti yanamsumbua, chumba anacho na chakula hatakosa. "Kaka, utapumzika," alisema. "Umefanya kazi vya kutosha."

Jamani, kuna maneno ambayo ni afadhali mtu akupige kofi. Kupumzika! Walitaka pesa za sahihi yake wanunue chombo cha kumfukuzia, halafu wamtupie chakula kama paka wa jirani. Nanga alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Nusu ya pesa zile ilikuwa jasho lake. Angeweza kukataa kutia sahihi, mambo yakaishia hapo. Lakini alijua vilevile kitakachofuata: chuo kitaondoka, njaa itaingia, na kila mtu atamnyooshea kidole yeye kwa roho mbaya. Hapana. Asingekataa. Angewapa bajeti yao, lakini angeikata kata mpaka isimame kwa mguu mmoja, na siku ya majaribio ianguke yenyewe mbele ya macho ya watu. Ndivyo alivyoamua pale pale, akiwa na mabaki ya chakula cha mdogo wake tumboni. Roho mbaya? Ndiyo, roho mbaya. Lakini aliyeanza ni nani?

Akaanza na chujio. Akasema maji ni maji, kwa nini wanunue kitu cha kuyaosha maji? Keshia hakubishana. Alichota maji ya bomba kwa kikombe, akayamwaga kwenye kioo cha dirisha kilichokuwa kikipigwa na jua, akarudi kukaa. Waliendelea kutukanana juu ya pampu, na walipomaliza kioo kilikuwa kimekauka na kimejaa madoa meupe ya chumvi. Fimbo haina kitambaa cha kukaushia, alisema Keshia. Maji yanaachwa yakauke yenyewe, kwa hiyo yakiwa na chochote ndani, chochote hicho kinabaki kwenye kioo cha mteja. Chujio likabaki mlangoni. Nanga akasonya.

Fremu ya chuma hakuigusa. Mjusi mwenyewe, bahili yule, ndiye aliyependekeza walifunge tangi kwa kamba tu. Nanga akamwambia asiwe mpumbavu: gari likifunga breki ghafla tangi lile litakuja mbele, na kitu cha kwanza litakachokutana nacho ni shingo ya dereva. Fremu iandikwe, na iwe nene. Hata chuki ina mipaka yake.

Halafu wakafika kwenye fimbo, na hapo ndipo Nanga alipokuwa akipangoja.

Wiki iliyotangulia walikwenda wote watatu dukani kuzitazama. Zilikuwa fimbo za aina mbili. Ya kwanza ya kaboni, nyeusi, nyepesi kiasi kwamba Mjusi aliizungusha kwa mkono mmoja huku akicheka. Ya pili ya alumini. Muuzaji alisema zote zinafika ghorofa ya nne, na kwa kuwa dari ya duka ilikuwa fupi, waliipima ile ya alumini ikiwa imefungwa, vipande vyote vimeingiana. Mjusi akaiinua, akasema ni nzito kidogo, si sana. Nanga naye akaiinua, akairudisha mahali pake, akanyamaza. Alikuwa amesimamisha ngazi za kuvuta maisha yake yote. Alijua kwamba kitu cha namna ile kikiwa kifupi kinadanganya. Uzito wake wa kweli hutoka siku ukikirefusha, kikakuinamia kutoka juu, upepo ukakishika. Mjusi asingeweza kujua hilo. Angelijulia wapi?

Bei ya ile ya kaboni ilikula theluthi ya pesa zote. Nanga alisimama, akaenda mlangoni, akalowanisha kidole kwa mate, akaufuta ule mstari.

"Fimbo ya mfalme hatununui," alisema. "Tunanunua ya alumini. Nyingine sitii sahihi."

Keshia alimtazama kwa muda mrefu. Alihisi kuna kitu, maana mwanamke anayehesabu pesa za watu hujua mkono wenye hila. Lakini kwenye hesabu hakuona kosa. Bajeti ilipungua vizuri, na ilibaki akiba kidogo ya petroli. Mjusi akapandisha mabega, akasema fimbo ni fimbo, atakayeishika ni yeye na yeye hajalalamika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mjusi alikuwa amesifiwa na mji mzima. Hesabu ikafungwa. Jumatatu Nanga akaenda benki, akatia sahihi yake kubwa mbaya, akarudi nyumbani akalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya majaribio gari liliingia chuoni likiwa limechuchumaa kwa mzigo wa maji. Nanga alikuja pia, ingawa hakuna aliyemwalika. Alisema anakuja kukunja mpira. Meneja alisimama kivulini, mikono kifuani, akaelekeza ukuta wa upande wa maktaba. Osheni huo, alisema, halafu tusubiri ukauke.

Ghorofa ya chini Mjusi aliosha kwa mluzi. Fimbo ilikuwa fupi, maji yalipanda vizuri, brashi iliteleza. Alipomaliza dirisha la kwanza mkono ukamwendea kiunoni kuvuta kitambaa, meneja akamkumbusha kwamba hakuna kufuta. Wakacheka wote isipokuwa mtu mmoja.

Kisha akavuta vipande vya juu, fimbo ikarefuka. Mluzi ukakoma. Akavuta tena. Brashi ilipofika ghorofa ya tatu ilikuwa inayumba kama kichwa cha mlevi, ikagonga fremu ya dirisha, ikagonga ukuta, ikaacha dirisha lenyewe. Maji yakamrudia Mjusi usoni, na hakuwahi kuyapokea hapo, akafumba macho. Mabega yale membamba yakaanza kutetemeka. Alirudi nyuma hatua moja, fimbo ikamfuata. Alisogea mbele, ikamvuta pembeni. Wanafunzi walianza kujaa kwenye korido.

Nanga alifurahi. Tusifiche, alifurahi mpaka mate yakamjaa mdomoni. Aliutazama mji mzima ukimwona mdogo wake alivyo akiwa chini, bila urefu wa kuazima. Laiti jambo lingeishia hapo, angekwenda nyumbani akiwa na karamu moyoni. Lakini fimbo ikamshinda Mjusi kabisa, ikaanza kuanguka polepole upande wa korido, na Nanga, kabla hajafikiri lolote, alikuwa ameshafika na kuidaka.

Ilikuwa nzito, ndiyo. Lakini mikono yake iliijua. Uzito wote uko juu na ujanja wote uko chini, kama ngazi inaposimamishwa. Alipanua miguu, akaiweka fimbo kwenye paja, akaisubiri itulie, ikatulia. Akaipeleka brashi dirishani. Akasugua, akasuuza, akasogea hatua moja. Miaka yote alikuwa ameyatazama madirisha kutoka chini, na alijua kila pembe ambayo Mjusi aliiacha chafu kwa sababu aliyeko juu haioni. Aliziosha zote. Aliosha ghorofa ya tatu na ya nne, ukuta mzima, na hakuna aliyemwuliza kama analipwa kwa kusimama.

Jua likakausha vioo. Meneja akapita chini yake taratibu, akitazama juu, akarudi. Akasema mkataba wameupata, na pasi ya getini ni moja, ya mtu mmoja, yenye picha. Akaangalia huku na huku, akamnyooshea Nanga kalamu.

"Mzee ndiye apigwe picha," alisema.

Mjusi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha gari, nguo zimelowa hadi kwenye soksi. Hakuna aliyemtazama. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo geni, na alionekana hajui afanye nini na mikono yake.

Nyumbani kukawaka moto. Keshia alikuwa ameshaelewa kabla hawajavua viatu. Alisimama mbele ya mlango wa stoo, pale palipofutwa kwa mate pakiwa bado na alama.

"Ulijua," alimwambia Nanga.

"Nilijua."

"Ulimchimbia mdogo wako shimo."

"Shimo mlichimba ninyi," alisema Nanga. "Mimi nilichagua koleo tu."

Keshia akasema basi waiuze ile ya alumini, wakope kidogo, wanunue nyepesi, mambo yarudi yalivyokuwa yamepangwa. Nanga akajibu kwamba mkopo unataka sahihi mbili, na ya kwake hataiona tena hapa duniani. Keshia akasema basi mshahara ugawanywe mara mbili. Nanga akauliza mbona wazo hilo zuri halikumjia siku ile alipokuwa na chaki mkononi. Walisemezana mpaka majirani wakafunga madirisha. Mjusi alipochoka kusikiliza alitoka nje, akaishusha ngazi kutoka juu ya paa la stoo, ilikowekwa tangu ikatazwe chuoni, kwa tabu, ikimgonga kichwani na ugokoni, akaiburuta hadi kwenye ukuta wa choo na kuifunga kwa kufuli. Kisha akarudi ndani, akamwambia kaka yake maneno ambayo alikuwa ameyakusanya njia nzima.

"Chukua gari, chukua maji, chukua na hiyo picha. Mimi nina kazi yangu. Na sihitaji mtu wa kunishikia."

Hayo ndiyo yakawa maisha. Nanga alikwenda chuoni kila asubuhi, pasi shingoni. Walinzi wa getini walimwita fundi. Fundi! Mara ya kwanza alipoitwa hivyo aligeuka kutazama nyuma, akidhani yupo mtu mwingine. Alichuja maji yake, akajaza tangi lake, akapika chakula chake mwenyewe chumbani, kibaya, akakila bila kumshukuru mtu. Alipata alichokitaka: alihesabiwa. Wakikutana uani na Mjusi walipishana kama magari. Keshia alimsalimu kwa kidevu. Nanga naye alijiambia kwamba yuko vizuri, tena akajiambia mara nyingi, na mtu aliye vizuri kweli haambiwi, wala hajiambii.

Mjusi alikwenda wapi na ngazi yake Nanga hakuuliza. Aliiona tu jioni imerudi mahali pake, miguu yake imechubuka mpira. Ngazi inachubuka hivyo ikiwa inateleza. Aliona, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa, mkabala na chuo, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na safu ya maduka yenye ofisi juu yake. Asubuhi moja Nanga alikuwa ameshafika ghorofa ya nne ya ukuta wa mbele, brashi ikitembea vizuri, alipogeuza shingo kidogo kuinyoosha. Akaona ngazi imeegemezwa kwenye jengo la ng'ambo. Akaona nani yuko juu.

Kitu cha kwanza kilichompanda ni hasira. Ngazi ilikuwa imekaa vibaya, Mungu wangu, vibaya ajabu. Miguu ilikuwa mbali mno na ukuta, tena juu ya vigae vya kibaraza vilivyotoka kudekiwa. Badala ya mtu, chini kulikuwa na ndoo ya maji iliyofungwa kwenye kidato cha kwanza, eti uzito. Kwani ni nani aliyemfundisha ujinga huo? Na Mjusi kule juu hakuwa Mjusi yeyote aliyewahi kuonekana. Alifuta mara moja, akatazama chini. Akafuta, akatazama chini. Mkono mmoja ulikuwa kazini na mwingine umeng'ang'ania kidato, na hapakuwa na mluzi wowote.

Si kazi yangu, Nanga alisema kwa sauti. Amesema hahitaji mtu. Akairudisha brashi kwenye kioo, akasugua pale pale alipokwisha kusugua. Akasugua tena. Akageuka.

Mguu mmoja wa ngazi uliteleza, kidogo tu, upana wa kidole. Kutoka umbali ule hakuna mtu mwingine angeuona.

Fimbo aliilaza ukutani, sijui kama aliilaza au aliitupa. Mpira uliendelea kumwaga. Alivuka barabara bila kutazama, gari moja likampigia honi na dereva akamtukana, naye akamrudishia tusi bila kupunguza mwendo. Alifika, akaipiga ndoo teke, akakanyaga kidato cha kwanza kwa mguu wake wote, akashika ngazi kwa mikono miwili.

Juu Mjusi alihisi ngazi imekuwa ukuta. Hakuhitaji kutazama ajue ni nani, lakini alitazama.

"Nani amekuita?" aliuliza.

"Hakuna."

"Nimekwambia sihitaji mtu."

"Nimesikia. Osha kioo, mbwa wewe, nimeacha maji yangu yanamwagika."

"Rudi kwenye fimbo yako. Watakunyang'anya kazi."

"Waninyang'anye," alisema Nanga, akikaza mguu kwenye kidato. "Wakinyang'anya kazi nitatafuta nyingine. Wewe nitakutafuta wapi?"

Mlinzi wa chuo alikuwa amevuka barabara akikimbia, kofia mkononi. Akasema fundi, maji yanamwagika hadi getini, meneja ametoka nje, anauliza mwenye fimbo yuko wapi.

"Mwambie hayupo," alisema Nanga. "Mwambie ameshika ngazi."

Mlinzi alisubiri kidogo, akidhani ni utani, kisha akarudi polepole. Ng'ambo meneja alisimama pembeni ya dimbwi, pasi za getini za watu wengine zikimning'inia mkononi, akiwatazama. Tangi lilikuwa limekwisha, pampu inavuta hewa na kulia. Nanga aliyasikia yote hayo na hakugeuza kichwa. Juu yake kipangusio kilianza tena kutembea kwenye kioo, kutoka pembe hadi pembe, na Mjusi akaacha kutazama chini.